Shuka Kidogo, Nikuone

Kosa la kwanza lilikuwa dogo mno, hata Rukaiya akadhani ni la mashine.

Ndege ilitua kabla ya adhuhuri kwenye kiwanja cha nyasi nje kidogo ya Kibiti. Yussuf, rubani wake, akashuka na jasho mgongoni kama siku zote, akamkabidhi Rukaiya kile kisanduku cheusi kilichofungwa chini ya kiti kunasa habari za safari: njia ndege iliyopita, kimo chake, mwendo wake, na kila mahali ilipokata kona. Kazi ya Rukaiya ilikuwa kukiunganisha na kompyuta kwa waya, kuvuta kumbukumbu zote ziingie ndani, kisha kuzichora kwenye kioo ili rubani na mkuu wake wakae wazipitie, waone palipokwenda sawa na palipoharibika.

Siku hiyo mstari ulitoka Kibiti, ukaenda hadi kambi za watalii upande wa Mloka, ukageuka. Lakini badala ya kurudi nyumbani ulinyoosha kuelekea baharini, ukafika kwenye mikoko ya Salale, na hapo, juu ya mkondo mmoja mwembamba, ukazunguka, ukazunguka, ukazunguka, kisha ndiyo ukarejea Kibiti.

"Shemeji," Rukaiya aliita, "leo ulipitia Salale?"

Yussuf alikuwa anakunywa maji. Kikombe kikasimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Salale? Kufanya nini huko?"

Mkuu wa marubani, Bwana Abdulkarimu, mtu mzima aliyerusha ndege za jeshi kabla mashirika ya watu binafsi hayajaruhusiwa, alikwenda mwenyewe kupima mafuta. Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya mtu aliyekwenda Mloka na kurudi moja kwa moja. Akawauliza na watalii walioletwa. Hakuna aliyeona mikoko.

"Kisanduku kimeingia unyevu," alihitimisha. "Tangu yale mafuriko ya El Nino kila kitu hapa kina unyevu. Kianike juani, binti yangu."

Rukaiya akakianika. Lakini alipokishika aliona kweli kina maji, na yale maji yalinuka tope la mikokoni, lile tope jeusi linaloachwa na maji makuu ya bamvua, likiwa limekauka. Ule mkondo aliujua. Ndipo alipofia dada yake.

* * *

Mashavu alikuwa dada mkubwa wa Rukaiya, na alikuwa mke wa Yussuf. Mimba ilipokaribia alikwenda kwa mama yao Salale, kama ilivyo desturi, akajifungulie kwao. Uchungu ulimjia vibaya. Damu ikaanza kutoka kabla ya mtoto. Wakampakia kwenye boti ya Nassibu, jirani yao, wamkimbize hospitali, na katikati ya mkondo injini ikazima. Nassibu akavuta kamba ya injini hadi kiganja kikachunika. Haikuwaka. Na ndipo ndege ikapita juu yao, ikiwatembeza watalii juu ya mikoko, mchana kweupe. Wanawake waliokuwemo botini wakasimama wakapunga kanga.

Yussuf aliwaona. Alidhani ni watu wanasalimia, kama wanavyofanya siku zote watu wa kule chini. Akainamisha bawa moja, akainamisha la pili, hiyo ndiyo salamu ya marubani, akaenda zake. Mashavu akafia pale pale, na mtoto tumboni.

Hakuna aliyemlaumu. Mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, alimshika mkono mbele ya watu, akamwambia, "Hukujua, baba." Yussuf akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini mapema kuliko walivyomtaka, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilitaja jina la mkewe. Akisema habari zake, husema "nyumbani", kana kwamba bado yuko nyumbani anamngojea.

* * *

Safari iliyofuata mstari ulikwenda tena Salale. Na iliyofuata vilevile. Bwana Abdulkarimu akabadilisha kisanduku, akafunga kipya kilichokuwa bado kwenye karatasi zake. Mstari ukazunguka pale pale. Akampa rubani mwingine ndege ileile. Mstari ukanyooka kama ulivyotakiwa. Akamrudisha Yussuf, lakini kwenye ndege nyingine. Mstari ukaenda Salale.

"Basi si ndege," Bwana Abdulkarimu alisema polepole, "wala si kisanduku."

Walikuwa watatu mbele ya kioo, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Yussuf alitazama ile miduara juu ya mkondo kwa namna ambayo Rukaiya hakuipenda. Hakuwa anatazama kosa. Alikuwa anatazama kama mtu anayetazama picha ya mtu.

Kulikuwa na jambo jingine, na Rukaiya peke yake alikuwa amekwisha kuliona, kwa sababu ndiye aliyechora mstari wa kimo. Kila safari miduara ile ilikuwa chini kidogo kuliko ya safari iliyopita. Mara ya kwanza ilikuwa juu kabisa kama wanavyoruka siku zote. Sasa ilikuwa kimo cha minazi mitatu, mmoja juu ya mwingine. Alipowaonyesha, Bwana Abdulkarimu alivua miwani.

"Yussuf, mwanangu. Unajisikiaje ukiwa huko juu?"

"Najisikia vizuri," alijibu Yussuf, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alitabasamu. "Najisikia vizuri sana, Mkuu."

Ndipo Bwana Abdulkarimu alipoamua kutega kaseti. Alikuwa na kinasa sauti kidogo cha betri alichozoea kukiunganisha na hedifoni za marubani wanafunzi, ili baada ya safari wasikie walivyozungumza. Akakifunga nyuma ya kiti bila kumwambia Yussuf. Ndege ilipotua akaitwa mjini kwa shughuli, akamwachia Rukaiya kaseti. "Isikilize. Nikirudi tutazungumza."

Lilikuwa jua la utosi. Kivuli cha mtu kilikuwa kimejificha chini ya nyayo zake. Rukaiya alifunga mlango wa ofisi, akabonyeza kitufe.

Mwanzoni ilikuwa injini tu, na Yussuf akizungumza na watalii kwa Kiingereza, mto ule pale, viboko wale pale, kisha mlango kufunguliwa na kufungwa, watalii wakishuka, na injini tena. Kisha Yussuf akacheka kidogo, akasema kwa sauti ya chumbani, "Nipo. Nakuja," akanyamaza kwa muda wa kumtosha mtu mwingine kujibu, akasema, "Wapi? Sikuoni," akanyamaza tena, na katika ule ukimya ngurumo ya injini ikaanza kufifia ingawa ndege ilikuwa bado angani, ikafifia kama inavyofifia sauti mtu anapozama na maji kumfunika masikio, hata Rukaiya akasikia maji yenyewe, yakilamba ubao wa boti, na harufu ya lile tope ikajaa ofisini na chini yake harufu ya udi na ya damu, na kutoka ndani ya yale maji, karibu kabisa, kana kwamba mdomo umegusa kinasa sauti, mwanamke akasema:

"Shuka kidogo, mume wangu. Shuka kidogo, nikuone."

Ilikuwa sauti ya Mashavu. Mkwaruzo wake ulikuwemo, na ile pumzi aliyokuwa akiivuta kabla ya neno la mwisho ilikuwemo. Rukaiya akajikuta analia, na mkono wake, bila ya yeye kuuambia, ukarudisha kaseti nyuma ili asikie tena.

Bwana Abdulkarimu aliporudi, Rukaiya alimwambia kaseti ilijikunja, haikunasa kitu. Alikuwa ameificha chini ya godoro lake.

* * *

Kwa siku kadhaa Rukaiya aliisikiliza kila jua lilipofika utosini. Alijiambia ni mara ile moja tu, kisha ataipeleka. Chakula kikawa hakimpiti. Kanga zake zikaanza kunuka tope hata zikitoka kwenye kamba ya kuanikia. Na siku moja, pale alipozoea kusikia, "Shuka kidogo, mume wangu," sauti ilisema neno ambalo halikuwemo jana yake.

"Rukaiya," ilisema. "Mwache aje."

Akaing'oa ile kaseti, akakimbia nayo mkononi hadi kwa Bwana Abdulkarimu, akamweleza yote, na uongo wake ukiwemo. Mzee hakumkaripia. Alisikiliza kaseti mara moja tu, akaizima.

"Yussuf harushi tena," alisema. "Na wewe nenda kwenu. Mtafute mtu wa mambo haya. Mimi nimesomea hewa, hili ni la maji."

Yussuf alipoambiwa hakubisha. Alimfuata Rukaiya uani, akasimama karibu naye kama zamani walipokuwa wote watatu, wakimenya machungwa baada ya futari.

"Umemsikia," alisema kwa sauti ya chini. "Umemsikia ni yeye."

"Shemeji, maiti hasemi."

"Nilimpita, Rukaiya. Alinipungia nikampita. Sasa ananiita, na wewe unataka nimpite mara ya pili?"

Rukaiya akaingia ndani kufunga mzigo wa safari ya Salale.

* * *

Mganga ambaye Rukaiya alipelekwa kwake alikuwa mwanamke wa makamo, Mwantumu, mnene, mwepesi wa kucheka, mnunuzi wa kamba waliokaushwa. Watu wa visiwa vya mikokoni walimjua kwa biashara hiyo, na walipopatwa na mambo walimjua kwa nyingine. Alisikiliza habari yote akiwa anachambua kamba kwenye ungo. Mwisho aliuweka ungo chini, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Huyo si dada yako, mwanangu. Dada yako yuko kwa Mola wake. Ule mkondo una mwenyewe, tangu babu zetu wanakata boriti. Damu ya uzazi ilimwagika pale, yeye akainywa, na sauti ya mwisho ya marehemu akaichukua. Sasa ana sauti, anatafuta wa kumwita. Na jini kama huyo hamwiti mtu aliyekwisha kuzika. Humwita ambaye bado."

"Yussuf alizika. Alishuka kaburini mwenyewe."

"Mikono yake ilizika. Mdomo wake umekwisha kusema kwamba mkewe amekufa?"

Rukaiya akatikisa kichwa.

"Basi Ijumaa mlete kwenye mkondo, jua likiwa utosini, hiyo ndiyo saa yake. Mimi nitamtuliza mwenyewe wa pale. Lakini kumfukuza si kazi yangu. Ni huyo mume aseme kwa ulimi wake. Na kama ulimi ni mzito, asaidiwe na mtu aliyemgusa marehemu akiwa maiti. Jini hawezi kumbishia huyo."

"Mimi nilimwosha," alisema Rukaiya.

Mwantumu alimshika shavu. "Pole, mama. Basi ni wewe."

Yussuf aliahidi kuja kwa boti ya asubuhi. Ijumaa walimngoja gatini hadi maji yakaanza kujaa, wakaondoka bila yeye: Rukaiya, Mwantumu na Nassibu kwenye usukani. Rukaiya alikuwa na redio ya mkononi aliyopewa na Bwana Abdulkarimu ili awasiliane na kiwanja. Bi Mwanahawa hawakumwambia kitu. Alikuwa uani anapeta mpunga, akawaaga bila kuuliza waendako.

Njiani Nassibu, ambaye tangu siku ya msiba alikuwa hasemi ila akiulizwa, alisema akiwa hamtazami mtu:

"Liko neno sijawahi kulisema. Ndege ilipoinamisha mabawa, sisi tulilia, maana tulijua haikutuelewa. Yeye Mashavu alifungua macho akatabasamu. Akasema, 'Yule mume wangu. Anatusalimu.' Hakusema tena. Niliona nikimwambia Yussuf nitamuua."

Walifunga boti kwenye mzizi wa mkoko. Mwantumu aliwasha ubani kwenye chetezo, akamwagia mkondo maji ya waridi, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Ndege wa mikokoni walinyamaza. Kaa walirudi mashimoni wote kwa pamoja. Maji, ambayo yalikuwa yanajaa, yakasimama.

Kisha wakasikia injini, juu.

"Si boti," alinong'ona Nassibu. "Mungu wangu. Amekuja na ndege."

Redio ikakoroma, ikaja sauti ya Bwana Abdulkarimu, akitweta: "Rukaiya! Tulikuwa msikitini, amevunja kufuli la ndege! Yuko peke yake! Msemeshe, binti yangu, msemeshe mpaka akusikie!"

Ndege ilitokea juu ya vilele, nyeupe, ikakata kona, ikaanza kuzunguka juu yao kama mstari wa kwenye kioo ulivyokuwa ukizunguka, kila duara chini ya lile lililotangulia, hata wakauona uso wa Yussuf nyuma ya kioo, umetulia, ukiangalia maji na siyo wao, na majani ya mikoko yakaanza kulala kwa upepo wake, na katika redio iliyokuwa mkononi mwa Rukaiya ikaanza kutoka ile sauti, mchana ule, mbele ya watu watatu, tamu, ya mkwaruzo, "Shuka kidogo, mume wangu, kidogo tu, nimekungoja," na Nassibu akaachia usukani akaziba masikio, na Mwantumu akasoma kwa nguvu hata mishipa ikamtoka shingoni, na Rukaiya, ambaye moyo wake wote ulikuwa unataka ile sauti iendelee, hata kama ni uongo, hata kama ni kwa mara moja tu nyingine, akaleta redio mdomoni.

"Shemeji. Ni mimi, Rukaiya. Nisikilize mimi."

"Shuka kidogo," ilisema sauti.

"Nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa baridi. Nilimsuka nywele mikia mitatu nikailaza nyuma, na mkia mmoja ulifumuka nikausuka tena kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimtia karafuu maiti. Wewe ulimpokea kaburini, ukamlaza ubavu wa kulia, ukamfungua kamba za sanda. Ulizifungua, shemeji. Mikono yako inajua."

"Usimsikilize, mume wangu."

"Na hakukulaumu! Nassibu yuko hapa, aliyasikia maneno yake ya mwisho. Aliziona salamu zako. Alisema, 'Yule mume wangu, anatusalimu.' Alikufa amesalimiwa, Yussuf! Hakukuita ushuke! Sema sasa. Sema amekufa."

Injini ilikuwa karibu kiasi kwamba boti ilitetemeka. Gurudumu likagusa maji, likachora mfereji mweupe juu ya mkondo. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, redioni:

"Mashavu amekufa." Akalia kwa kwikwi. "Mke wangu amekufa. Mtoto wangu amekufa."

Kilio kilichojibu hakikuwa cha mtu. Kilitoka chini ya boti, kikapita kwenye mbao na kwenye meno yao, mikoko ya ng'ambo ikainama yote upande mmoja na kusimama tena. Ndege ikainua pua. Ikapita vilele kwa nafasi ya kiganja, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa kitu cheupe kidogo kikielekea Kibiti. Maji yakaanza tena kujaa.

* * *

Jioni ile Rukaiya aliunganisha kisanduku na kompyuta, akavuta kumbukumbu, akazichora. Walikaa watatu wakaipitia safari hatua kwa hatua, kama kanuni inavyotaka. Kwa mara ya kwanza kioo na rubani walisema jambo moja. "Hapa nilishuka," alisema Yussuf, kidole juu ya duara la mwisho. "Na hapa ndipo niliposema." Pale mstari ulipopinda kwenda juu alishindwa kuendelea. Bwana Abdulkarimu akazima kioo, akamwekea mkono begani, wakamwacha alie kilio alichokiweka tangu siku ya maziko.

Alipokwisha kunawa uso aligeuka, na macho yake yalikuwa na hofu mpya.

"Rukaiya. Sauti yake ilikuwaje?"

Rukaiya alifungua mdomo amjibu. Akatafuta. Alimwona dada yake akicheka, akigomba, akimwita kutoka jikoni, na midomo ilikuwa inakwenda na hakuna kitu kilichotoka. Wakaitafuta kaseti, wakaipiga. Injini, mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wamemfukuza jini, naye akaondoka na ile sauti aliyokuja nayo.

Yussuf hakurusha tena ndege. Alihamia Mtawanya kwa wajomba zake, analima mikorosho, na watu husema analala vizuri. Rukaiya alibaki ofisini, anachora mistari ya marubani wengine, nayo hunyooka.

Ila baada ya masika wavuvi wa Salale wakaanza kuukwepa ule mkondo mchana. Walisema kuna mwanamke anasalimia kutoka mikokoni, kwa upole, na waliokuwa wakimjua Mashavu walipiga kasia kurudi huku wanafuta machozi. Habari ikafika kwa Bi Mwanahawa. Akamwita bintiye kutoka Kibiti.

"Nipeleke," alisema.

"Mama, si yeye. Mwantumu amesema si yeye."

"Najua si yeye, mwanangu. Mimi si mtoto." Alikuwa amekwisha kujitanda. "Nimezunguka nyumba hii naitafuta sauti ya mwanangu siipati. Kama iko huko, hata akiwa nayo shetani, nataka niisikie mara moja. Sitasema neno."

Rukaiya alikataa, akalia, mwisho akampeleka. Alimwapisha botini: akiitwa asiitike, kwa kuwa mwenye kuitika amekwisha kumkubali anayemwita. Mama yake akaapa. Nassibu akapiga kasia. Jua likafika utosini, maji yakasimama, na Rukaiya akamshika mama mkono kwa nguvu zake zote.

Kisha, kutoka ndani kabisa ya mikoko, ikaja ile sauti waliyoipoteza, na Rukaiya akaitambua papo hapo, na moyo ukampasuka kwa furaha.

"Mama," iliita. "Mama, uko hapo?"

Bi Mwanahawa alimtazama bintiye aliye hai, kwa huruma, kama anayemwomba radhi. Akageuza uso kwenye mikoko.

"Nipo, mwanangu," akaitika. "Nipo hapa."